KOMPYUTA YA INJINI IKIGUSWA, NANI HULIPA?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, nyumba na matibabu. Leo naomba tuzungumze juu ya kisanduku kidogo cha chuma kilichofichwa ndani ya gari. Msiseme hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Kisanduku hicho kimeleta ugomvi katika shamba moja la chai huku kwetu Uganda, na dereva mmoja karibu apoteze kazi kwa sababu yake.

Dereva huyo ni mzee mwenye miaka mingi barabarani. Kazi yake ni kubeba majani mabichi kutoka vituo vya mizani hadi kiwandani, na jioni kuwarudisha wachumaji nyumbani. Kila mchumaji anajua kwamba majani mabichi hayapendi kukaa. Yakirundikwa hupata joto, hugeuka rangi, na chai yake huwa mbovu. Kwa hiyo meneja alitaka lori lipande mlima upesi zaidi. Siku moja alikuja fundi kutoka mjini. Hakuwa na spana wala nyundo. Alikuwa na kompyuta ndogo ya kubeba na waya mmoja. Alichomeka waya ule chini ya usukani, akakaa kama saa moja hivi, akalipwa, akaondoka.

Kesho yake lori lilipanda mlima kama limepata injini mpya. Meneja alifurahi. Taniboi alifurahi. Baada ya miezi michache klachi iliungua, kisha tabo ikavunjika. Hapo mzee akaandikiwa barua ya onyo kwamba ni mzembe na ameharibu mali ya mwajiri, na mshahara wake ukaanza kukatwa.

Alipokuja ofisini kwetu aliniuliza, "Ndugu katibu, mtu anaweza kubadilisha injini bila kufungua hata boliti moja?" Sikuwa na jibu. Mimi niliishia darasa la saba, na injini nilizozijua zamani zilikuwa za kabureta. Ilinibidi nikakae na mafundi, niulize na kuuliza tena. Niliyojifunza nawaandikieni hapa.

KAZI YA KOMPYUTA HIYO NI NINI?

Injini yo yote ya mafuta huhitaji vitu vitatu: hewa, mafuta, na moto kwa wakati wake. Zamani kazi ya kupima mafuta ilifanywa na kabureta katika injini ya petroli, na pampu ya chuma katika injini ya dizeli. Fundi alirekebisha kwa bisibisi, akasikiliza kwa sikio.

Mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo wa umeme wa kupulizia petroli, ukafungwa katika gari la Volkswagen 1600. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ilitoa mtambo ulioitwa Motronic, uliounganisha kazi ya mafuta na kazi ya plagi katika kompyuta moja, ukaanza katika gari la BMW 732i. Kwa dizeli, mwaka 1997 gari la Alfa Romeo 156 lilitoka na mtambo ambao pampu hujaza dizeli katika bomba moja la pamoja, na nozeli hufunguliwa kwa amri ya umeme. Leo lori jipya la dizeli karibu lote ni la namna hiyo. Dizeli ndani ya bomba lile inaweza kusukumwa kwa nguvu kupita mara mia mbili ya upepo wa tairi la lori.

Kompyuta ina macho na masikio yake, yanayoitwa sensa. Sensa moja hupima hewa inayoingia. Nyingine hupima joto la maji. Nyingine huhesabu mizunguko ya injini. Nyingine huangalia mguu wa dereva umekanyaga mafuta kiasi gani. Fahamuni jambo hili: katika gari la namna hii dereva hakanyagi mafuta moja kwa moja. Dereva huomba, na kompyuta ndiyo huamua kumpa kiasi gani.

Huamuaje? Kwa kutazama jedwali. Hapa sisi watu wa chai tutaelewa upesi. Karani wa mizani ana jedwali lake: kilo kadhaa, malipo kadhaa. Hakai kufikiri, anatazama mstari na safu, anaandika. Kompyuta nayo hufanya hivyo. Mizunguko ya injini ni 2,000, mguu umekanyaga nusu, basi jedwali linasema fungua nozeli kwa muda fulani na uanze wakati fulani. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, nozeli zake hupewa kazi ya kupuliza mara 4,000 kwa dakika hiyo hiyo. Kila mara kompyuta hurudi kwenye majedwali yake.

Majedwali hayo ni mengi. Lipo la kiasi cha mafuta. Lipo la wakati wa kuanza kupuliza. Lipo la nguvu ya tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa nyingi ndani ya injini. Yapo pia majedwali ya mipaka: usipite kiasi hiki cha mafuta moshi usiwe mweusi, usipite nguvu hii klachi na giaboksi visivunjike, joto likifika hapa, punguza nguvu.

FUNDI YULE ALIFANYA NINI?

Alibadilisha hesabu zilizomo katika majedwali. Hapo ndipo jibu la mzee lilipo. Hakuna chuma kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Ni sawa na mtu kuingia usiku katika ofisi ya karani na kufuta tarakimu katika kitabu, akaandika nyingine. Asubuhi mizani ni ile ile, kikapu ni kile kile, lakini malipo yamebadilika.

Katika injini ya dizeli yenye tabo, fundi huruhusu dizeli zaidi, huamuru tabo isukume hewa zaidi, pengine huanza kupuliza mapema kidogo, na huinua ile mipaka. Nguvu huongezeka kweli. Katika injini za namna hii nyongeza ya asilimia 20 hata 30 ni jambo la kawaida. Katika gari la petroli lisilo na tabo faida huwa ndogo, kwa sababu hewa ni ile ile inayovutwa na pistoni, na huwezi kuchoma mafuta mengi kwa hewa kidogo. Petroli hutaka hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa. Hapo fundi hubaki na nafasi ndogo, hasa kurekebisha wakati wa plagi. Akizidisha, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga kama nyundo, na pistoni hutoboka.

Mtu atauliza, kama nguvu ilikuwemo, kwa nini kiwanda hakikuitoa? Sababu si moja. Kiwanda hupima injini iweze kufanya kazi miaka mingi, katika baridi na katika joto, milimani na mabondeni, kwa dizeli nzuri na kwa dizeli yenye uchafu. Kiwanda huacha akiba. Mara nyingine pia injini moja huuzwa kwa nguvu mbalimbali kwa bei mbalimbali, na tofauti kubwa imo katika majedwali tu. Kwa hiyo si kila anayegusa kompyuta ni mwongo. Wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu, wakapima joto na moshi, wakaongeza kidogo, na gari likadumu. Lakini anayekula akiba lazima ajue kwamba ni akiba.

HESABU YA MLIMA

Tupige hesabu, maana sisi hatupendi maneno matupu. Nguvu moja ya farasi ni kuinua mzigo wa kilo 75 juu kwa mita 1 katika sekunde 1. Tuseme lori pamoja na majani lina uzito wa tani 10, na mlima unapanda mita 1 kwa kila mita 10 za barabara. Lori likienda kilomita 36 kwa saa, linakwenda mita 10 kwa sekunde, maana yake linapanda juu mita 1 kila sekunde. Kilo 10,000 ukigawa kwa 75 unapata farasi 133, bila kuhesabu zile zinazoliwa na matairi na giaboksi.

Sasa ongeza nguvu robo nzima. Lori litapanda kwa kilomita 45 kwa saa. Kama mlima una urefu wa kilomita 3, safari iliyokuwa ya dakika 5 itakuwa ya dakika 4. Ndugu, ni dakika moja. Safari nne kwa siku ni dakika nne. Na katika shamba lile nilihesabu mwenyewe kwa saa yangu: lori lilisimama mlangoni mwa kiwanda kusubiri kushusha majani zaidi ya nusu saa. Majani hayakuchomwa na mlima. Yalichomwa na foleni.

Na ile robo ya nguvu haikupita hewani. Ilipita katika klachi, katika giaboksi, katika shafti na difu, ambavyo vyote vilitengenezwa kwa nguvu ya kwanza. Moshi unaotoka ukawa wa moto zaidi, na huo ndio unaozungusha tabo. Tabo ikalazimishwa kukimbia kupita kiwango chake. Ndiyo sababu klachi iliungua na tabo ikavunjika. Mzee hakubadilisha mguu wake. Alikanyaga kama alivyokanyaga miaka yote. Kilichobadilika ni jibu la kompyuta.

MOSHI NA MAPAFU YETU

Lipo jambo la pili, nalo linawahusu hata wasioendesha gari. Dizeli ikizidi hewa, haiungui yote. Hutoka moshi mweusi. Wachumaji waliokaa nyuma ya lori na watu wa mizani waliniambia kwamba tangu siku ile walikuwa wakikohoa na nguo zikanuka. Mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si uvumi wa kijiweni huo.

Magari mapya ya dizeli yana vichujio vya masizi na mitambo ya kupunguza gesi mbaya. Mingine hutumia maji ya urea, ambayo lazima yanunuliwe. Wapo wenye magari wanaoona hiyo ni gharama bure. Wanamwita fundi aziambie kompyuta kwamba kichujio hakipo, kisha wanakikata na kukitupa. Huko Marekani, idara ya serikali ya kulinda mazingira ilitoa taarifa mwaka 2020 kwamba magari ya dizeli ya pikapu zaidi ya 550,000 yalikuwa yameondolewa mitambo hiyo kwa muda wa miaka kama kumi. Mwenye gari hupunguza gharama yake, na mfanyakazi huilipa kwa kifua chake.

Wala msidhani kwamba ni mafundi wa vichochoroni tu. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni kubwa ya Volkswagen ilitia hila katika kompyuta za magari yake ya dizeli. Programu iliweza kutambua kwamba gari linapimwa, kwa kuangalia mambo kama mwendo, muda na usukani ulivyokaa. Likipimwa lilitoa moshi safi. Likitoka barabarani, baadhi ya magari yalitoa gesi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha sheria. Kampuni ilikiri kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mkurugenzi wake mkuu alijiuzulu siku chache baadaye, na mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 4.3 za adhabu, mbali na mabilioni mengine ya kuwarudishia wateja.

Na wafanyakazi je? Watu waliokaza boliti katika mstari wa kiwanda hawakuandika programu ile. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 2016 kampuni ilitangaza mpango wa kupunguza hadi nafasi 30,000 za kazi, na kati yake 23,000 zilikuwa Ujerumani. Mpango huo ulikuwa na sababu zaidi ya moja, maana kampuni ilikuwa inahamia magari ya umeme, lakini mzigo wa kashfa ulikuwa juu ya meza. Kwa sababu halmashauri ya wafanyakazi wa Ujerumani ilikuwa na nguvu, ilipata ahadi kwamba hakuna atakayefukuzwa huko kwa lazima hadi mwaka 2025. Nafasi zingepunguzwa kwa watu kustaafu. Pasipo umoja, wangepata barua tu.

MWENDO KASI

Kompyuta hutunza pia mpaka wa mwendo. Katika nchi za Ulaya malori mazito hufungiwa yasipite kilomita 90 kwa saa. Baadhi ya malori hayo huuzwa kwetu yakiisha kuchakaa. Tarakimu hiyo ikifutwa, lori laweza kukimbia zaidi, lakini breki hazikubadilishwa na programu yo yote. Gari likitoka kilomita 80 kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya msukumo ambayo breki zinapaswa kuizuia imeongezeka zaidi ya nusu. Wachumaji arobaini wakiwa nyuma, hiyo si hesabu ya kuchezea.

KESI ILIVYOKWISHA

Tulimwomba meneja amlete fundi wa kampuni iliyouza lori asome kompyuta. Mwanzoni alikataa akisema ni gharama. Tulimjibu kwamba kama ana hakika na uzembe wa mzee, asiogope kusoma. Mwishowe fundi alikuja. Alilinganisha programu iliyokuwemo na ile ya kiwanda. Hazikulingana. Namba ya juu ilikuwa ile ile, maana waliobadilisha waliiacha ya zamani, lakini majedwali ya ndani yalikuwa mengine.

Makato yalisimamishwa, na fedha zilizokwisha katwa zilirudishwa kwa mafungu mawili. Lori lilirudishiwa majedwali yake ya kwanza. Lakini barua ya onyo bado imo katika faili la mzee, na hadi leo tunadai iondolewe. Mwajiri anasema atafikiri. Nasi tunamkumbusha kila mkutano.

TUFANYE NINI?

Ndugu, kutokana na hayo nashauri mambo machache.

Kwanza, dereva akiona gari limebadilika ghafla, nguvu zimezidi au moshi umekuwa mweusi, aandike katika kitabu cha gari siku ile ile, aweke tarehe na saini. Maneno ya mdomoni hupotea.

Pili, fundi wa nje akija kugusa kompyuta, mjumbe wa wafanyakazi aulize kwa heshima: nini kimebadilishwa, kwa amri ya nani, na karatasi iko wapi?

Tatu, mtu asitie saini kukubali kwamba ameharibu klachi, tabo au injini kabla kompyuta haijasomwa na fundi asiye wa upande wo wote.

Nne, gari linalobeba watu lisiongezwe nguvu wala kufunguliwa mwendo. Vichujio visikatwe. Jambo hili tulitie katika mkataba wetu wa pamoja utakapojadiliwa, kama tulivyotia mabuti na makoti ya mvua.

Tano, tujifunze. Vijana wetu walio gereji wasiishie kubeba spana. Wadai mafunzo ya kusoma kompyuta hizi, maana kazi ya fundi inahamia huko. Asiyejua kusoma jedwali atasomewa na mwenye nalo.

Zamani mwajiri alipobadilisha mizani ya chai, mchumaji aliweza kuleta jiwe lenye uzito anaoujua na kuliweka pale watu wote waone. Mizani ya leo imo ndani ya kisanduku, lakini nayo inaweza kupimwa. Tusiache kudai ipimwe.

Umoja wetu ndiyo nguvu yetu.